Kikapu Kitoke Kabla ya Jumatatu

Chumba cha juu, nyumba ya kona,
Nyuma ya Posta.
Jumanne, tarehe 9 Juni.

Mpendwa mdogo wangu Kitinda,

Salamu kwanza, maana najua ukipata barua yangu ya karatasi unaanza kutafuta msiba. Hakuna aliyekufa. Mimi ni mzima. Goti la kushoto linalalamika nikipanda ngazi za chumba cha habari, lakini linapanda. Baba Mdogo ni mzima, karakana yake imejaa viti vya watu visivyo na miguu, na kila mwenye kiti anaambiwa "kesho". Shangazi ni mzima wa mwili. Wewe je? Kile kikohozi kimekwisha? Na hao wa maabara wamekupa zamu za mchana kama walivyoahidi, au bado wanakuzungusha?

Habari mpya ni ya leo asubuhi, na aliyeitoa ni mwalimu mkuu mwenyewe. Alisimama kwenye mlango wa duka la Shangazi saa tatu na robo, akakataa kiti, akasema kamati ya shule itakutana Jumatatu tarehe 15, saa nne asubuhi, kuamua kama Shangazi aendelee kuchapa mitihani. Sababu aliyoitoa ni "usalama wa watoto". Nilikuwa nyuma ya mashine ya kutolea nakala. Nimeyaandika maneno yake kama alivyoyasema.

Unajua maana ya jambo hilo. Shangazi amechapa mitihani ya shule ile miaka thelathini na mmoja, tangu enzi za taipureta iliyokuwa ikituamsha asubuhi. Hakuna swali hata moja lililowahi kuvuja mikononi mwake. Hata sisi, watoto wa kaka yake tuliokula kwake, tulikuwa tunafeli hesabu huku karatasi yenyewe imelala kabatini hatua nne kutoka kitandani. Sasa anaambiwa yeye ni hatari.

Kisa chenyewe ni hiki. Jumatano ya tarehe 27 Mei, mwalimu mkuu alikuja dukani kuhakiki mtihani wa jiografia. Akakaa kando ya Shangazi, miwani puani, wakiusoma moja kwa moja kwenye kioo cha kompyuta. Walipofika swali la tisa, upande wa kulia wa ukurasa ukachomoza mwanamume kifua wazi, na chini yake maandishi mekundu: WANAUME WAPWEKE WA MTAA HUU WANAKUSUBIRI. Shangazi akalifunga tangazo. Likaja jingine, lenye kelele, likimpongeza kwa kushinda gari.

Mwalimu mkuu alivua miwani. "Mama, ndiyo mambo unayoyatafuta humu tukikuachia mitihani yetu?"

Shangazi alimjibu, "Mwalimu, mimi mwanamume mmoja alinichosha miaka ishirini na mbili. Hao wengine wa nini?"

Ingekuwa siku nyingine wangecheka wote. Siku ile mwalimu mkuu alikusanya karatasi zake, na kabla ya jioni chumba cha walimu kizima kilikuwa na habari kwamba mjane wa duka la kuchapa anatafuta mabwana kwenye mtandao. Karani wa shule ndiye aliyeniambia, na hakuwa anacheka.

Kitinda, sikuandikii nikiwa nimetulia. Mkono ndio umetulia. Nimefanya kazi hii miaka ishirini na sita, nimeandika juu ya wezi wa saruji na wezi wa dawa, sijawahi kumtaka mtu kama ninavyomtaka huyu niliyempata safari hii.

Kitu kilichoingia kwenye kompyuta ya Shangazi kinaitwa Kikapu Nafuu. Ni kiendelezi, yaani kijiprogramu kinachojishikiza kwenye kivinjari, ile programu tunayofungulia mtandao, kama kupe kwenye sikio la ng'ombe. Kinajidai kukutafutia bei nzuri unaponunua vitu. Kazi yake hasa ni kubandika matangazo juu ya kila ukurasa unaoufungua, ukurasa wa benki, wa hospitali, wa mtihani, na kukupeleka kwenye matokeo ya utafutaji ambayo hukuyaomba. Wenyewe hulipwa kwa kila jicho linalotazama.

Nilimfungulia Shangazi orodha ya ruhusa zake akaisoma mwenyewe, kwa sauti, kidole kikifuata mstari: "Kusoma na kubadilisha data yako yote kwenye tovuti zote." Kisha akasema, "Hata marehemu hakuwahi kuniomba ruhusa kubwa namna hii."

Kwa hiyo hofu ya mwalimu mkuu, nikiondoa umbea, haikosi msingi. Mitihani Shangazi anaiandika ndani ya kivinjari tangu ulipomfundisha wewe, na kiendelezi kile kinaweza kusoma kila anachokiandika. Sina ushahidi kwamba kilisoma mtihani. Nina ushahidi kwamba kiliruhusiwa. Ndiyo maana pia sikukuandikia barua pepe, kwa sababu kila ukurasa tunaoufungua huku una msomaji wa tatu. Na kwa simu nakujua, utasema ndiyo dada, ndiyo dada, halafu nusu utaisahau. Barua hii inakuja na mke wa kinyozi, anayekwenda kumtembelea binti yake hapo kwenu. Atafika Alhamisi.

Nani alikiweka? Nilianza na tarehe. Kikapu kiliingia tarehe 12 Mei. Siku hiyo kompyuta ya Shangazi ilikuwa kwa Mkono Mwepesi, yule fundi wa kompyuta wa karibu na kituo cha mafuta, kwa sababu ya kitufe kimoja kilichokwama. Tarehe moja si ushahidi. Nikachukua kompyuta yangu ya zamani, isiyounganishwa na mashine nyingine yoyote ya nyumbani, nikapiga picha orodha ya viendelezi vyake, nikampelekea nikisema kitufe kimelegea. Ilirudi na kitufe kizima na Kikapu Nafuu. Kinyozi naye akapeleka yake, nayo safi, ikarudi na Kikapu. Hapo nikaenda mwenyewe na daftari.

Kibanda chake unakikumbuka, bisibisi kwenye kikombe cha chai na kompyuta za watu zimepangwa vifua wazi kama wagonjwa. Alinipokea kwa tabasamu.

"Dada, hiyo ni zawadi ya duka. Inakusaidia bei."

"Nani aliiomba?"

"Wateja wengi hawajui wanachokitaka."

"Ila wewe unakijua."

"Mimi si fundi?" Akacheka, akampiga bega jirani yake anayeuza betri. "Dada zetu hawa, tangazo dogo tu presha juu! Mafundi wote wanaweka. Wenye Kikapu wanatulipa kwa kila mashine. Nisipoweka nile nini, vumbi la kompyuta zenu?"

Nikaandika "wanatulipa kwa kila mashine", nikamsomea, nikamuuliza kama nimeandika sawasawa. Hapo aliacha kucheka. Muuza betri naye alikumbuka ana kazi.

"Unaandika ya nini?"

"Ya gazeti."

"Aa, dada, tusifike huko. Leta mashine zote za nyumbani, nakuondolea bure."

"Umemchafua mama yangu mbele ya walimu halafu unaniuzia sabuni?" nilimwambia. "Hiyo bure yako kaa nayo."

Nilidhani ningeiandika habari hiyo mwenyewe, na kichwa chake nilishakiandaa njiani. Mhariri alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia mtu haandiki habari ya shangazi yake. Ni kweli, na ningemwambia hivyohivyo mwandishi mwingine yeyote. Iliniuma kama jino. Nikakabidhi daftari langu kwa yule mwenzangu tunayemwita Msumari. Kama unadhani mimi nina roho mbaya, hujakaa na Msumari. Ameshapeleka kompyuta nyingine nne kwa fundi kupitia watu wanne tofauti. Tatu zimerudi na Kikapu. Ameshawaandikia wenye Kikapu pia, kwa anwani waliyoiweka wao wenyewe, na barua imerudi kwa kuwa anwani haipo. Mkono Mwepesi amepewa hadi Ijumaa saa sita mchana kujibu. Habari inatoka Jumapili, ukurasa wa tatu, na picha ya kibanda.

Sasa nisikilize kwa makini, maana sehemu inayofuata inakuhusu wewe.

Kikapu tulikiondoa kwenye kompyuta ya Shangazi mara tatu. Mara tatu kikarudi. Tunakiondoa jioni, asubuhi kipo, kimekaa pale juu kama mkwe. Shangazi alianza kuamini Mkono Mwepesi ana ufunguo wa duka, akabadilisha kufuli. Mimi mwenyewe siku mbili nilimshuku msichana wa kufagia, na nimemwomba radhi.

Kosa ni letu, la ukoo mzima. Kabla hujasafiri ulitufungulia akaunti moja ya kivinjari ili Shangazi asipotee, nasi sote tukaingia humohumo: Shangazi dukani, Baba Mdogo karakanani, mimi nyumbani, wewe huko. Nywila yake Shangazi ameibandika ukutani juu ya printa, chini ya bei za nakala, kwa herufi ambazo mteja anaweza kuzisoma akiwa barabarani. Akaunti ile inasawazisha kila kitu. Kinachowekwa kwenye mashine moja hufika kwenye zote.

Na mashine inayokizaa upya ni ya Baba Mdogo. Naye aliipeleka kwa Mkono Mwepesi, akitaka apunguziwe vumbi la mbao. Humo fundi aliongeza programu nyingine kabisa, inaitwa Kikapu Huduma, iliyojificha kwenye orodha ya programu za kompyuta yenyewe, nje ya kivinjari. Kila Baba Mdogo anapowasha mashine asubuhi kutazama michoro ya makabati, Huduma hukipanda Kikapu tena, na akaunti yetu hukigawa kwa ndugu wote. Nilipomwuliza kwa nini hakusema kitu juu ya matangazo, alinijibu, "Nilidhani kompyuta ndivyo zilivyo siku hizi."

Wewe nawe usimcheke. Mwezi uliopita uliniandikia kwamba umefurahi kuona matangazo ya masufuria kwa lugha ya nyumbani, ukasema labda dunia imeanza kututambua. Mdogo wangu, haikuwa dunia. Ni Kikapu.

Tutakiondoa siku moja, saa moja, mashine zote, maana tukikiondoa kwa zamu kinarudi. Baba Mdogo ndiye wa kwanza. Mimi nitakuwa karakanani. Nitazima usawazishaji kwenye mashine yake, nitafungua orodha ya programu, niipange kwa tarehe, na chochote kilichoingia siku ile ya ukarabati ambacho hakuna anayekijua kitatoka, kisha tuzime na kuwasha.

Kwako fanya hivi. Zima usawazishaji kwanza. Halafu bonyeza zile nukta tatu juu kwenye kona ya kivinjari, nenda kwenye viendelezi, usome kimoja baada ya kingine. Usiangalie picha yake, angalia kama ni wewe uliyekitaka. Kwenye Kikapu bonyeza Ondoa. Usikizime tu, kilichozimwa kimelala, hakijatoka. Kitakufungulia ukurasa wenye uso unaolia kikuuliza kwa nini unaondoka. Usikijibu. Funga. Hata kama una la kukiambia, na najua unalo, mdomo wako tunzia Jumapili ukisoma gazeti.

Ukimaliza usiinuke. Kikapu kikitoka kinaacha nyayo. Ingia kwenye mipangilio, tazama ukurasa wa kwanza na mtambo wa kutafuta, uvirudishe vilivyokuwa. Kisha tazama arifa, uone tovuti gani zimeruhusiwa kukutumia ujumbe. Kwa Shangazi nilikuta kumi na saba, ikiwemo moja ya nywele za bandia na moja ya trekta. Zote zifute.

Na tafadhali, usiende kutafuta mtandaoni programu ya kusafisha. Nilijaribu. Nililiandika swali langu, na jibu la kwanza lililokuja juu kabisa lilikuwa tangazo la msafishaji anayeomba ruhusa zilezile. Mwizi anauza kufuli.

Mwisho, jambo ambalo ni wewe tu unaweza kulifanya, kwa sababu akaunti inakutumia namba ya uthibitisho kwenye simu yako: ingia kwenye akaunti ya ukoo, badilisha nywila, na uamuru vifaa vyote vitoke. Vyote. Kila mmoja wetu atafungua akaunti yake mwenyewe. Ile karatasi ya ukutani nimeshaibandua.

Shangazi hili la mwisho hakulipenda. "Kwa hiyo Kitinda ananifukuza?" Nikamwambia hafukuzwi na mtu, ni usalama. Akaendelea kunoa penseli ambayo tayari ilikuwa kali. Baadaye ndipo nikajua. Kila asubuhi, kabla ya kufungua duka, hufungua ile alama ya ukurasa uliyojiwekea kwenye akaunti yetu, ya hali ya hewa ya huko kwako, anatazama kama kuna mvua, halafu ndipo anaanza kazi. Miaka minne. Nimemwahidi nitamwekea alama hiyo kwenye akaunti yake mpya, iwe ya kwanza kabisa. Nakuambia ili ujue, usimwambie nimekuambia.

Sasa nikueleze habari tamu. Mwalimu mkuu naye ana fundi. Kompyuta tatu za ofisi ya shule zilisafishwa likizo iliyopita, na msafishaji alikuwa Mkono Mwepesi. Nilimwuliza karani, akaenda kutazama. Kikapu Nafuu kiko kwenye mbili kati ya tatu. Moja ni ya mwalimu mkuu mwenyewe, ile ambayo mitihani yote ya shule imehifadhiwa ndani yake.

Nakiri jambo. Nilipopata habari ile leo nilitaka tukae kimya hadi Jumatatu na Kikapu kikiwa palepale, ili mwalimu mkuu aambiwe afungue mashine yake mbele ya kamati nzima, na wanaume wapweke wamtokee yeye. Niliiona picha hiyo kichwani ikanipa raha. Shangazi alikataa. "Utaacha mitihani ya watoto wa watu uchi siku sita ili mimi nicheke?" Mchana huuhuu karani alipiga picha vioo viwili, na matangazo yakiwa wazi na tarehe ikionekana chini, kisha akaviondoa viendelezi vyote kwa maelekezo yangu. Mwalimu mkuu, aliyekuwa kwenye mkutano, hajui. Picha ninazo, zimechapishwa kwa rangi. Karani amekubali atajwe kwa cheo chake.

Usidhani kwamba Shangazi amesamehe. Jioni hii amenipangia Jumatatu itakavyokuwa, kama anayepima kitambaa. Mimi nitabeba mkoba na sitafungua mdomo. Yeye atawasha kompyuta yake mbele ya kamati, kurasa zote, viendelezi vyote, iwe nyeupe kama sahani. Ataeleza kilichoingia, nani alikiweka, na kilivyotolewa. Gazeti la Jumapili litakuwa mezani. Halafu atasema, na haya ni maneno yake: "Mwalimu, wewe uliona kwangu ukatangaza. Mimi nimeona kwako nikafunika." Na atazilaza zile picha mbili mbele ya mwalimu mkuu, zikiwa kifudifudi, amwachie yeye mwenyewe aamue kama azigeuze.

Nilimwuliza kama hiyo siyo kali mno. Alisema, "Kali ni kuzigeuza mimi."

Hatujui kamati itaamua nini. Wako saba, watatu wanamfuata mwalimu mkuu kwa chochote, wawili walifundishwa kuchapa na Shangazi, wawili sijawapata. Nikikuambia atabaki nitakuwa nabahatisha. Ninachokijua ni kwamba mashine yake ikiwa na Kikapu hata kidogo siku ile, hana la kusema, na mimi nitakuwa nimebeba mkoba bure. Ndiyo maana nakuomba, na unajua mimi si mtu wa kuomba.

Shangazi anakusalimu, anasema ule mboga. Baba Mdogo anakusalimu, anauliza kama huko nako kompyuta ndivyo zilivyo. Kinyozi anakusalimu, mkewe mpokee vizuri, umbebee mzigo, usimwache kituoni. Nisalimie na yule mwenzako wa chumbani, mwambie atazame viendelezi vyake pia, asijidai.

Mola akulinde na mvua ya huko na watu wa huko, na zamu za usiku zikuepuke.

Siku yenyewe ya kukiondoa ni Jumamosi tarehe 13, saa kumi kamili alasiri kwa saa ya huku. Kwako itakuwa saa saba mchana. Kaa mbele ya mashine, simu mkononi. Baba Mdogo akishawasha tena mashine yake, nitakupigia mara moja nikate. Hapo ndipo ubadilishe nywila na ututoe wote.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata nikiwa na hasira.